Saa moja kwa wiki: namna ya kutunza tangi la samaki wa mapambo nyumbani

Mtu anayetaka kufuga samaki wa mapambo huuliza kwanza bei ya tangi na bei ya samaki, ilhali gharama itakayomsumbua baadaye ni muda. Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40 huchukua lita 112 likijazwa hadi ukingoni, na ukitoa nafasi ya changarawe, mawe na pengo la juu, maji yenyewe huwa kama lita 95 hadi 100. Ndilo tangi linalochukuliwa kuwa mfano katika mwongozo huu: limewekwa sebuleni Dar es Salaam au Mombasa, lina chujio la umeme, taa, na samaki wadogo wasiozidi ishirini wa jamii ya gapi na moli, nalo hujazwa maji ya bomba. Tangi la namna hiyo halipaswi kumchukua mwenyewe zaidi ya saa moja kwa wiki, na wiki nyingi dakika 45 zinatosha. Anayeimaliza Jumamosi yake yote kwenye tangi moja, kwa kawaida ama analisha kupita kiasi, ama anaosha vitu ambavyo havikupaswa kuoshwa.

Kazi yenyewe ni ipi

Kabla ya kushika ndoo ni vizuri kuelewa kinachosafishwa. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chao, na chakula kilichobaki chini huoza na kuongeza amonia hiyo hiyo. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio, kwenye changarawe na juu ya mawe huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu hata zikiwa kidogo sana. Nitrati huvumilika, mradi isizidi miligramu 40 kwa lita, na ni bora ikae chini ya 20. Chujio la kawaida haliondoi nitrati, kwa hiyo hubaki majini ikijilimbikiza mpaka maji yapunguzwe na kuongezwa mapya. Kazi ya kila wiki, basi, ni kuondoa nitrati na uchafu uliotuama chini bila kuwaua bakteria wanaofanya kazi siku zote saba. Bakteria hao huchukua kati ya wiki nne na sita kuenea vizuri katika tangi jipya, na ndiyo sababu ninaona desturi ya kumwaga maji yote, kutoa kila kitu na kukisugua kwa sabuni kila mwezi kuwa desturi mbaya kuliko zote katika ufugaji huu: humrudisha mfugaji mwanzo kila mara, humpotezea nusu siku, na samaki hufa siku chache baadaye katika maji yanayoonekana masafi kabisa.

Hesabu ifuatayo inastahili kufanywa mara moja kwa karatasi na kalamu. Chukulia kwamba samaki na chakula chao huongeza nitrati miligramu 10 kwa kila lita kwa wiki, na kwamba maji ya bomba hayana nitrati. Ukibadilisha robo ya maji kila wiki, kiwango kitaendelea kupanda wiki baada ya wiki mpaka kile kinachotolewa kilingane na kile kinachoingia, na hapo kitatulia kwenye miligramu 40 kabla ya kubadilisha maji. Ukibadilisha nusu ya maji, kitatulia kwenye 20. Lakini ukiendelea kubadilisha robo tu, huku ukipunguza chakula kiasi cha kufanya ongezeko la wiki liwe miligramu 5, kitatulia kwenye 20 hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, kupunguza chakula kwa nusu huzaa matokeo yale yale ya kubeba maji maradufu, na samaki wengi wa majumbani hulishwa kupita wanachohitaji. Chakula kinachotosha ni kile kinachomalizika ndani ya dakika mbili au tatu, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja ya wiki wanaweza kufunga bila madhara yoyote.

Idadi ya samaki nayo huingia katika hesabu hii. Gapi jike huzaa takribani kila baada ya wiki nne, na asiyepanga mapema atakuwa na tangi lenye mzigo mara tatu ya ule alioanza nao. Atakayewagawia jirani watoto wa samaki, au kuwatenganisha majike na madume, anajiokolea ndoo za maji za miezi ijayo.

Asubuhi ya siku iliyotangulia: andaa maji (dakika tano)

Kwa tangi letu, badilisha lita 25 hadi 30, yaani ndoo moja kubwa ya lita 20 na nusu ya pili. Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyo huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wa chujio. Yakikaa kwenye ndoo zilizo wazi kwa saa 24, klorini ya kawaida huondoka yenyewe, na pampu ya hewa ikipuliza humo huondoka mapema zaidi. Ikiwa mamlaka ya maji ya mahali ulipo hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kukaa peke yake hakusaidii, nawe utahitaji dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki, ambayo nyingi hutengenezwa kwa thiosalfeti ya sodiamu. Fuata vipimo vilivyoandikwa kwenye chupa. Maji ya kunywa ambayo umekwisha kuyatia WaterGuard, ambayo nayo ni klorini, usiyatumie kabisa, hata kama yamebaki mengi.

Ndoo hizo ziwe za samaki tu, zisizowahi kuguswa na sabuni ya unga wala dawa ya kudekia. Zikae mbali na jiko, na usiku ule usipulize dawa ya mbu chumbani humo. Jambo hili la dawa ya mbu linahitaji kusemwa kwa mkazo, kwa sababu dawa nyingi za kupuliza na za kuchoma zina viuadudu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo kwa binadamu havina madhara makubwa lakini kwa samaki ni sumu kali, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja majini. Ikilazimu kupuliza, zima pampu ya hewa, funika tangi na ndoo, fungua madirisha baadaye, na usiiwashe tena mpaka harufu iishe.

Asubuhi: tazama kwanza (dakika tatu)

Asubuhi ni bora kuliko mchana, hasa kwa kuchota maji. Sababu yake ni rahisi: katika nyumba nyingi za pwani maji hupitia tangi jeusi la plastiki lililo juu ya paa, na kufikia saa nane mchana hutoka ya moto kiasi cha kumdhuru samaki.

Hesabu samaki wote. Tazama kama yuko anayejitenga pembeni, anayefunga mapezi, mwenye vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, au anayehema juujuu karibu na uso wa maji. Kuhema juujuu kwa samaki wengi kwa pamoja huashiria uhaba wa oksijeni au amonia iliyopanda, na hapo kazi ya kubadilisha maji haisubiri siku yake. Maji ya nyuzi 25 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30, hali ya kawaida Dar es Salaam mwezi Januari na Februari, hubeba kama 7.6 tu, huku samaki wenyewe wakihitaji zaidi kwa kuwa miili yao inafanya kazi haraka. Soma kipimajoto, na ukiwa na kifaa cha kupimia nitrati, pima sasa kabla hujagusa maji. Kipimo kilichochukuliwa baada ya kubadilisha maji kinamfariji mfugaji bila kumweleza hali ya wiki nzima.

Zima umeme na sugua kioo (dakika saba)

Chomoa kwenye soketi chujio, taa na kipasha joto kama unacho, kisha ndipo uingize mkono. Kipasha joto kikiachwa kinafanya kazi huku maji yakishuka, kioo chake hupasuka. Angalia pia kwamba kila waya unashuka chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda na kuingia humo, ili tone la maji linalotiririka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kufika kwenye umeme.

Mikono ioshwe kwa maji matupu, isiwe na losheni wala mafuta ya kujipaka, na mwenye kidonda avae glavu, maana majini humo wanaweza kuwemo bakteria wanaosababisha uvimbe wa ngozi usiopona upesi. Mwani wa kijani kwenye kioo huondolewa kwa sponji mpya isiyo na sabuni, au kwa ukingo wa kadi ya plastiki ya zamani unapokuwa umegandamana. Sugua kutoka juu kwenda chini, na kuwa mwangalifu usinase chembe ya changarawe kati ya sponji na kioo, kwa sababu mkwaruzo wake haufutiki. Kioo cha nyuma hakilazimiki kusuguliwa kila wiki, na binafsi ningekiacha, kwa kuwa mwani huo hula nitrati na samaki huuchokonoa siku nzima. Mwani ukirudi kwa wingi kila baada ya siku tatu, dawa yake ni kupunguza muda wa taa uwe saa sita hadi nane kwa siku na kulihamisha tangi mbali na dirisha.

Kunyonya uchafu (dakika kumi)

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Unahitaji mpira wa maji wenye mrija mpana mbele yake, na asiye na ule wa dukani anaweza kukata kitako cha chupa ya maji ya nusu lita na kuivisha shingo yake kwenye mpira. Usianze kuvuta kwa mdomo, maana kinachofuata ni kumeza maji ya kinyesi. Zamisha mpira wote ndani ya tangi mpaka mapovu ya hewa yaishe, ziba ncha moja kwa kidole gumba, itoe na kuishusha kwenye ndoo iliyo sakafuni, kisha achia.

Chomeka mdomo mpana ndani ya changarawe mpaka uguse kioo cha chini. Changarawe itapanda ndani ya mrija ikizunguka na kugongana, na kutoka katikati yake utaona vumbi la kahawia likijitenga na kupanda juu zaidi, kisha likipotea kwenye mpira kuelekea kwenye ndoo. Maji ndani ya mrija yakianza kuwa maangavu, bana mpira kwa vidole, changarawe itaanguka, kisha hamia sehemu ya pili. Ndoo ya lita 20 hujaa ndani ya dakika mbili au tatu ukiuacha mpira wazi, na hilo ndilo kosa la wengi: lita 30 zimekwisha kutoka nao wamesafisha kona moja tu. Kubana mpira ndiko kunakokupa muda wa kusafisha. Gawanya sakafu ya tangi sehemu mbili, nusu wiki hii na nusu wiki ijayo, kwa kuwa changarawe nayo ina bakteria wanaostahili kuachwa kwa awamu. Kwenye mimea iliyoota mizizi, pitisha mrija juu juu bila kuuchomeka.

Maji yaliyotoka yasimwagwe chooni. Yana nitrati, ambayo ni mbolea, na mchicha au sukuma wiki wa kwenye makopo huyapokea vizuri, isipokuwa wiki ambazo tangi limetiwa dawa au chumvi.

Sponji ya chujio, lakini si kila wiki

Sponji huoshwa pale maji yanayotoka kwenye chujio yanapopungua kasi, na kwa tangi lisilo na msongamano hiyo ni kati ya wiki mbili na nne. Itumbukize kwenye ndoo ya maji uliyotoa muda huo huo kwenye tangi, ikamue mara tatu au nne mpaka ile rangi nzito ya kahawa ipungue, kisha irudishe. Isiwe nyeupe. Maji ya bomba yenye klorini yakipita juu yake huua sehemu kubwa ya bakteria, na amonia itapanda kabla ya wiki kuisha. Athari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaotumia maji ya kisima yenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya juu: katika maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu kali haifiki asilimia 1, lakini pH ikiwa 8 hufika asilimia 6 na zaidi, ingawa jumla ya amonia ni ile ile. Kazi ya sponji huongeza kama dakika nane, na wiki hiyo changarawe inyonywe juu juu tu, isisafishwe kwa kina.

Kurudisha maji (dakika kumi na tano)

Linganisha joto la maji ya ndoo na la tangi. Tofauti isizidi nyuzi mbili. Weka sahani juu ya changarawe na umimine taratibu juu yake kwa kopo, au tumia mpira ule ule kwa kuiweka ndoo juu ya stuli imara iliyo juu kuliko kimo cha tangi, na uyaache maji yashuke yenyewe huku ukifanya jambo jingine. Njia hii ya pili huokoa mgongo, na mwenye matangi mawili au zaidi asitumie nyingine.

Wakati wa masika wengine hupenda kutumia maji ya mvua. Hayana klorini, lakini hayana madini pia, na pH yake huyumba kwa urahisi. Yachanganye nusu kwa nusu na maji unayoyatumia siku zote. Maji ya kisima ya pwani, ambayo mara nyingi huwa na chumvi kidogo, yanawafaa moli na gapi kuliko samaki wengine wengi.

Kuwasha na kuandika (dakika tano)

Rudisha umeme, kisha simama hapo mpaka uone maji yakitoka kwenye chujio. Aina ya chujio linaloning'inizwa ukingoni huhitaji kumiminiwa kopo la maji ndani yake ili lianze kuvuta, na lisipoanza pampu yake huungua. Pangusa kioo kwa nje kwa kitambaa chenye maji tu, na ule ukoko mweupe wa madini ulioganda kwenye kifuniko uondoe kwa siki, kifuniko kikiwa kimetolewa pembeni na kusuuzwa vizuri kabla ya kurudishwa. Andika kwenye daftari tarehe, joto, nitrati, kiasi cha maji na kama sponji imeoshwa. Baada ya miezi miwili daftari hilo litakueleza kama robo ya maji inatosha au la, na wengi hugundua kwamba walikuwa wakibadilisha maji zaidi kuliko ilivyohitajika.

Ukijumlisha, ni dakika 45, au 53 wiki ya sponji.

Matangi mengine, mahali pengine

Tangi dogo la lita 20 au 30, ambalo wauzaji humpa mwanafunzi wa kwanza kwa madai kwamba ni rahisi, lina kazi nyepesi kila mara unapoligusa lakini linadai kuguswa mara mbili kwa wiki, kwa sababu kinyesi kile kile katika maji machache huzaa sumu nzito, na joto lake hupanda na kushuka kwa kasi. Tangi la lita 200 linahitaji ndoo tatu, lakini kioo, umeme, kutazama na kuandika huchukua muda ule ule. Saa moja na robo inatosha. Mwenye nafasi na sakafu imara namshauri achukue kubwa, akikumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja na meza ya kawaida haitabeba.

Nairobi, Arusha na Mbeya huhitaji kipasha joto, na maji mapya hupaswa kuchanganywa na ya moto kidogo kabla ya kumiminwa. Wanaofuga samaki wa Ziwa Nyasa au Ziwa Tanganyika huwa na maji yenye pH inayozidi 8, na kwa hao amonia haina msamaha, kama ilivyoelezwa juu. Wabadilishe theluthi moja kila wiki na wasiruke hata mara moja.

Umeme ukikatika

Kwa saa mbili au tatu hakuna la kufanya zaidi ya kutowalisha samaki. Ukiendelea kukatika, chota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu kila baada ya nusu saa, au uwe na pampu ya hewa ya betri, ambayo bei yake ni ndogo ukilinganisha na samaki. Chujio lililofungwa ndani ya ndoo yake lisiwashwe mara umeme unaporudi kama ulikatika kwa muda mrefu: bakteria waliokosa oksijeni hufa na kuoza humo ndani, kwa hiyo mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, kisha washa.

Ukisafiri

Badilisha maji siku mbili kabla ya kuondoka, si asubuhi ya safari, ili chujio au mpira ukileta tatizo ulione ukiwa bado nyumbani. Samaki wazima wenye afya huvumilia wiki moja bila chakula. Kwa safari ndefu zaidi, usimwachie kopo la chakula mtu atakayebaki nyumbani, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kwa maana atawaonea huruma na kuwajazia. Pima mwenyewe chakula cha siku moja moja, kifunge kwenye vipande vya karatasi, andika siku juu ya kila kimoja, na ulifungie kopo kabatini.